Wagonjwa Hupotea Koridoni: Namna ya Kumsindikiza Mtu Mwenye Magonjwa Mengi

Mzee alimimina mfuko wake wa dawa juu ya meza yangu, nikahesabu pakiti 14. Ana presha, kisukari na moyo uliochoka, na alikuwa akihudhuria kliniki tatu zisizosalimiana. Nilizipanga pakiti kwa safu kama mtu anayecheza karata, nikaanza kusoma kwa sauti lile jina dogo linaloandikwa chini ya jina kubwa la biashara. Pakiti ya pili na ya tisa zilikuwa dawa ileile, amlodipini ya presha. Moja ni kidonge cheupe cha duara, nyingine ni cha manjano hafifu chenye kona. Kliniki ya moyo ilimwandikia hiki, wodi ikamwandikia kile alipolazwa, na yeye, mtu mtiifu, akameza vyote viwili kwa miezi minne.

Kisha dawa ikazaa dawa. Amlodipini, hasa dozi ikizidi, huvimbisha vifundo vya miguu. Daktari wa tatu akaona miguu imevimba, akaandika furosemidi ya kutoa maji. Furosemidi ikamwamsha usiku mara nne kwenda kukojoa, na katika safari mojawapo akajikwaa gizani, akavunjika mkono. Wa nne akampa diklofenaki ya maumivu, ambayo hupandisha presha, huuelemea moyo uliochoka na kuzibana figo, na figo zenyewe tayari zilikuwa zinavutwa huku na huku na dawa za presha na za kutoa maji. Sikuona mjinga hata mmoja kati ya hao wanne. Kila mmoja alitibu kipande alichokiona.

Mimi ni muuguzi, miaka 19 kazini. Saba ya mwisho kazi yangu imekuwa hiyo tu: kutembea na wagonjwa wenye mambo mengi mwilini kwa mpigo. Wachache hupotea wakiwa ndani ya chumba cha daktari. Hupotea wakitoka: kati ya maabara na kliniki, kati ya wodi na nyumbani, kati ya barua ya rufaa na yule anayetakiwa kuisoma. Kamba hukatikia pembamba. Ukijikuta umeshika mkono wa mtu wa namna hiyo, uwe binti yake, mjomba wake, jirani au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, hutahitaji kusomea udaktari. Tafuta daftari gumu, kalamu, na ubishi kidogo wenye adabu.

Anza na mfuko wa dawa

Faili litakuambia alichoandikiwa. Mfuko utakuambia anachomeza. Mara nyingi ni hadithi mbili tofauti.

Mwambie akuletee kila anachomeza, anachopaka, anachovuta, anachojichoma na anachodondoshea jichoni. Watu husahau matone ya macho kwa sababu hawayahesabu kuwa dawa, lakini timololi, anayopewa mwenye presha ya jicho, huingia kwenye damu, hupunguza mapigo ya moyo na huweza kumbana mwenye pumu. Uliza pia kuhusu mitishamba na dawa za kununua bila cheti, na uliza kwa sauti ya kawaida kabisa. Ukikunja uso, jibu litakuwa "situmii." Na usikubali orodha ya kichwani. Ukiweza nenda mpaka anapolala, kwa sababu nusu ya hazina iko chini ya godoro au nyuma ya redio. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimeinama kwelikweli, nikaibuka na chupa ya vidonge vya mkewe aliyefariki miaka miwili nyuma, navyo alikuwa anavimeza kwa sababu "vilimsaidia marehemu."

Sasa chora mistari kwenye daftari: jina halisi la dawa, nguvu yake kwa miligramu, anameza saa ngapi, kwa ajili ya ugonjwa gani, nani aliiandika, tangu lini. Safu ninayoijali kuliko zote ni ile ya "kwa ajili ya nini." Pale utakapokuta pametupu, na mgonjwa akakuambia "nilipewa tu," umepata swali la kwanza la kumpelekea daktari.

Usisimamishe chochote mwenyewe, hata kama umeona kosa waziwazi. Dawa za kifafa, prednisoloni iliyotumika kwa muda mrefu, na dawa za moyo za jamii ya atenololi na propranololi zina hatari zake zikikatwa ghafla. Piga simu siku hiyohiyo au nenda na mfuko kwa mfamasia. Mfamasia ni mtu tunayemfanya kama mashine ya kutoa vidonge dirishani, wakati yeye ndiye pekee katika jengo zima ambaye vyeti vya madaktari wote hupita mkononi mwake. Mwombe dakika tano saa isiyo na foleni. Muulize tu: kuna dawa mbili za kazi moja humu? Kuna zinazogombana? Kuna ya kutenganishwa saa? Levothiroksini ya tezi, kwa mfano, hunyonywa vibaya ikimezwa pamoja na vidonge vya chuma au kalsiamu; huachanishwa kwa saa nne. Hilo halihitaji dawa mpya, linahitaji saa ya ukutani.

Shirika la Afya Duniani lilipozindua mwaka 2017 mpango wake wa kupunguza madhara ya dawa, lilitaja maeneo matatu ya kuangaliwa kwanza: mazingira yenye hatari kubwa, dawa nyingi kwa mtu mmoja, na mgonjwa kuhama kutoka mkono mmoja wa huduma kwenda mwingine. Mzee wangu alikuwa na yote matatu ndani ya mfuko mmoja wa nailoni.

Ukurasa wa kwanza wa daftari

Daktari wa zamu saa tisa usiku hatasoma daftari lako. Atasoma ukurasa mmoja, tena kwa kupepesa. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza uandike kwa ajili yake. Huu ni mfano wa niliowahi kuuandika, nimeubadilisha kidogo ili mwenyewe asitambulike:

*Mwanamke, miaka 67. Anasikia kwa sikio la kulia tu.*
*Kisukari tangu 2009. Presha tangu 2012. Kiharusi 2019, mkono wa kushoto dhaifu. Figo hatua ya tatu tangu 2021.*
*Penisilini: alivimba midomo, akashindwa kupumua, 2004.*
*Hamezi vizuri. Ulizeni kabla ya kuponda kidonge chochote.*
*Dawa: angalia ukurasa wa pili, ulisahihishwa tarehe...*
*Kreatinini (kipimo cha figo) ya mwisho: ... tarehe ...*
*Kinachomsumbua yeye mwenyewe: kizunguzungu akiamka asubuhi.*
*Apigiwe binti mkubwa. Akikosekana, mdogo wake.*

Tazama mstari wa penisilini. Wengi huandika "ana mzio wa penisilini," basi. Andika kilichotokea. Kuvimba midomo na kukosa pumzi ni jambo moja, kuharisha siku mbili ni jingine kabisa, na daktari akijua lipi lilitokea hatamnyima bure dawa nzuri, wala hatamchoma sindano ya kumuua. Mstari wa kumeza nao upo kwa sababu kuna vidonge vilivyotengenezwa viachie dawa polepole kwa saa nyingi. Ukiviponda, dozi ya siku nzima huingia kwa mkupuo. Na anayesafishwa damu, andika kwa herufi kubwa ni mkono upi wenye fistula, yaani mshipa ulioungwa kwa ajili ya kusafishia damu, kwamba usichomwe sindano wala usifungwe mashine ya presha. Mkono huo ndio uhai wake, na mtu akiwa hoi hawezi kuutetea.

Kwa mgonjwa asiyeweza kujieleza, ongeza mstari mmoja: akiwa mzima yukoje. Nilimfahamu kijana mwenye mtindio wa ubongo, hasemi, lakini akiwa na furaha hunguruma wimbo wake mmoja kutwa nzima. Ikafika wiki akanyamaza, akaanza kujipiga shavu na kusukuma sahani. Wakampeleka mara mbili, mara mbili wakarudishwa: "Ni hali yake hiyo." Mara ya tatu dada yake akasema sentensi moja, "Daktari, kwa hali yake huyu huimba, na ana siku sita hajaimba." Ndipo mtu akaomba tochi, akamfungua kinywa. Gego lilikuwa limeoza mpaka kwenye mzizi, usaha umejaa. Wenye maradhi ya akili hupata mkasa huohuo. Akisema tumbo linauma husikika kama anaweweseka. Neno la kukuokoa hapo ni *kawaida yake* na tofauti ya leo, pamoja na idadi ya siku.

Mnapoingia kwa daktari

Jambo kuu liseme mwanzo. Wagonjwa wana tabia ya kuanza na mafua na kuishia na damu kwenye choo wakiwa wameshika kitasa cha mlango. Kubalianeni mkiwa bado kwenye benchi: leo tumekuja na swali gani? Liandikeni juu ya ukurasa wa siku hiyo. Mengine mawili yafuate chini. Zaidi ya matatu hayatasikika, niamini, nimekaa upande wa pili wa meza hiyo.

Mwache mgonjwa aseme kwanza. Najua utataka kumrukia, kwa sababu unajua tarehe zote na yeye anazichanganya. Uma ulimi. Ukianza wewe, daktari atakutazama wewe mpaka mwisho, na mama wa watu atakuwa mzigo uliouleta kupimwa uzito. Mimi hukaa nyuma kidogo ya bega lake, daftari mapajani, na hudakia pale tu anaponigeukia. Kama hajui lugha ya daktari, ombeni mkalimani mtu mzima. Usimtumie mtoto wake mdogo, hakuna mtoto anayepaswa kuwa wa kwanza kumwambia mama yake neno "saratani."

Kabla ya kuinuka, mpate majibu ya mambo matatu: tatizo kuu ni nini, tufanye nini, na kwa nini tulifanye. Halafu fanya kitu ambacho mwanzoni utaona aibu kukifanya. Sema, "Daktari, naomba nirudie nilivyoelewa, unisahihishe." Rudia. Nimeshaona maneno "mara mbili kwa siku" yakigeuka vidonge viwili kwa mkupuo mmoja asubuhi, na nimeona "1x3" kwenye bahasha ya dawa ikisomwa kuwa vidonge vitatu mara moja. Swali la "umeelewa?" halina kazi. Kila mtu hujibu ndiyo, hata mimi nikiulizwa na fundi wa gari.

Na wewe ukifika nyumbani mfanyie mgonjwa hivyohivyo: "Hebu nionyeshe jioni utameza vipi." Akionyesha kwa mikono utajua kama ni dawa inayomshinda au ni kifuniko cha chupa.

Siku ya kuruhusiwa wodini

Watu huiona kama siku ya shangwe. Mimi huiona kama siku ya hatari kuliko zote. Mpaka jana kulikuwa na zamu tatu za wauguzi, cheti cha dawa kitandani na mashine ya presha. Kuanzia leo kuna wewe. Na kila mtu ana haraka, kwa sababu kuna mwingine anayesubiri kitanda.

Usitoke bila orodha tatu. Ya kwanza, dawa za zamani anazoendelea nazo. Ya pili, za zamani zilizosimamishwa, na sababu. Ya tatu, mpya, na tarehe ya kuacha kama ipo. Orodha ya pili ndiyo ambayo hakuna anayekupa bila kuombwa, na ndiyo iliyomkosa yule mzee wa pakiti 14. Chukua mfuko wake wa nyumbani, uuweke kitandani, zipitieni pakiti moja moja na muuguzi anayemtoa. Zilizosimamishwa zirudisheni famasia. Zikirudi nyumbani, atazimeza.

Swali linalofuata, majibu ya vipimo yatatoka lini na nani atayasoma, nilijifunza kwa machungu. Mama yangu mzazi alitoka uvimbe shingoni, wakamkata kipande kidogo cha nyama cha kupima, akaruhusiwa. Tukaambiwa, "Kukiwa na tatizo tutawapigia." Mimi, muuguzi mzima, nikakubali. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, nikajiambia ni heri. Wiki ya saba nikapita mwenyewe kuulizia, nikakuta majibu yako kwenye droo tangu wiki ya pili: kifua kikuu cha tezi. Namba ya simu kwenye fomu ilikuwa na tarakimu moja imekosewa. Walikuwa wamepiga kweli, akapokea mtu asiyetujua.

Tangu siku hiyo sihesabu ukimya kuwa jibu. Kila kipimo kinachochukuliwa naandika mistari minne: kipimo gani, tarehe, majibu yatatoka lini, na jina la anayetakiwa kuyasoma. Siku ya majibu ikipita, siku inayofuata naamkia hapo. Namba ya simu iliyo kwenye fomu naisoma kwa sauti, tarakimu moja moja.

Daktari mpasuaji Harold Freeman aliliona pengo hilo mapema. Akifanya kazi Harlem, New York, alikuwa akipokea wanawake wengi maskini wenye saratani ya matiti iliyokwisha kukomaa. Mwaka 1990 akaanzisha mpango wa kumpa mgonjwa mtu wa kumsindikiza, kuanzia siku uvimbe unapoonekana hadi siku jibu na tiba vinapopatikana. Kabla ya juhudi hizo, waliokuwa hai miaka 5 baada ya kugunduliwa pale walikuwa asilimia 39. Baadaye, upimaji wa mapema na usindikizaji vilipoenda pamoja, wakafika asilimia 70. Wasindikizaji wake kazi yao ilikuwa njia: barua, tarehe, nauli, hofu, fomu. Dawa waliwaachia madaktari.

Mkasa wa mama haukuishia kwenye droo. Alikuwa anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa ajili ya moyo, na rifampicini ya kifua kikuu huivunja wafarini haraka mwilini, ikawa damu haizuiwi tena kuganda inavyotakiwa. Ilibidi kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kirudiwe mara kwa mara na dozi ipandishwe. Hilo kliniki ilitushauri vizuri. Lakini alipomaliza dozi ya kifua kikuu, upande ule ukampa pongezi na kufunga kadi, na upande wa moyo haukuwa na habari. Rifampicini ikitoka mwilini, dozi ile kubwa ya wafarini inabaki peke yake, na mtu anaweza kuvuja damu. Nilikwenda na daftari kabla ya wiki kwisha. Kwa hiyo andika hili pembeni kwa wino mwekundu: dawa ikianza, uliza inagusa nini, dawa ikiisha, uliza swali lilelile.

Tarehe zinapozidi siku

Kuna mgonjwa nilimhesabia: kliniki ya figo, ya kisukari, ya macho, ya miguu, ya moyo, maabara mara mbili, na famasia. Mwezi mmoja, safari nane. Akaitwa "mtoro" kwa kukosa mbili. Mwaka 2009 watafiti Carl May, Victor Montori na Frances Mair waliandika katika jarida la tiba la BMJ kwamba matibabu yenyewe ni mzigo, na kwamba tiba inapaswa kupangwa ivuruge maisha ya mgonjwa kidogo iwezekanavyo. Ningependa karatasi hiyo ibandikwe kila mapokezi.

Wewe fanya hivi. Weka tarehe zote kwenye ukurasa mmoja, uzione kwa macho. Halafu omba, kwa jina: "Naomba macho na miguu viwe siku moja na kisukari." Mara nyingi karani wa mapokezi anaweza, ila hajawahi kuombwa. Uliza kama damu itakayochukuliwa mara moja inaweza kujibu kliniki zote tatu, kisha majibu uyabebe mwenyewe. Kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, kinapima sukari iliyoshika kwenye chembe nyekundu, na chembe hizo huishi siku 120 hivi; kukirudia baada ya wiki mbili kwa sababu tu kliniki nyingine haikuona majibu ni kumtoboa mtu bure. Na uliza lile swali gumu: "Katika tarehe hizi, ipi tukiikosa haitaharibika kitu?" Daktari mwaminifu atakuonyesha moja.

Akiambiwa aje na njaa kwa ajili ya kipimo, usiondoke kabla ya kuuliza insulini na vidonge vya sukari vifanywe nini asubuhi hiyo. Nimewadaka wagonjwa wawili wakidondoka kwenye foleni ya maabara, wamechoma insulini kama kawaida na tumbo halina kitu. Vilevile, siku akiwa mzima ulizeni itakuwaje akiharisha au kutapika siku nzima, maana metformini ya sukari, dawa za kutoa maji na baadhi ya dawa za presha mara nyingi huamriwa zisimame kwa muda mpaka anywe na kula, wakati insulini haiachwi kwa kujiamulia. Jibu liwe limeandikwa kabla ya usiku wa kutapika. Usiku huo hutampata mtu.

Kuhusu bima na fomu nitasema machache, kwani kila mahali pana utaratibu wake. Nakala ya kila karatasi ibaki kwako. Ukinyimwa kitu, omba sababu kwa maandishi, pamoja na jina la fomu ya kukata rufaa na siku ya mwisho ya kuirudisha. Na kama kuna afisa ustawi wa jamii hospitalini, mtafute siku ya kwanza, usisubiri mkwame.

Ukipiga simu

Wauguzi tulifundishwa utaratibu wa kutoa taarifa ambao asili yake ni nyambizi za nyuklia za jeshi la majini la Marekani. Una vipande vinne, na mtu wa kawaida anaweza kuutumia vizuri kuliko sisi: nini kinatokea sasa, huyu ni nani, naona nini, naomba nini. Kwa mfano: "Mama amechanganyikiwa tangu alfajiri, jana alikuwa timamu. Ana miaka 67, ana kisukari na figo, wiki hii ameanzishiwa antibiotiki. Sukari nimepima iko chini. Nimempa kitu kitamu; naomba kujua nimlete sasa hivi au nirudie kupima baada ya dakika 15?" Sentensi nne. Linganisha na "hajisikii vizuri," neno ambalo halimwinui mtu kitini. Kisha andika saa, na jina la aliyekujibu. Ukiuliza jina kwa upole, majibu yenyewe hunyooka.

Lazima awepo wa pili

Utachoka, utaugua, utasafiri. Kwa hiyo chagua mtu mwingine ajue daftari linakaa wapi na aende na mgonjwa walau kliniki moja kati ya nne, akiwa na wewe kwanza, kisha peke yake. Mgonjwa anayeweza kuandika, mwandikishe mwenyewe; herufi zikipinda si neno.

Daftari la mama lilining'inia kwa uzi kwenye msumari wa mlango, kalamu imefungwa ubavuni. Usiku alioanguka na kugonga kichwa mimi nilikuwa zamu, simu iko kwenye kabati. Jirani yetu, dada mmoja asiyejua dawa hata moja kwa jina, alilichomoa pale mlangoni akapanda nalo kwenye gari la wagonjwa. Aliniambia baadaye kwamba daktari alifunua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye neno wafarini, na kabla hajamuuliza chochote akaagiza picha ya kichwa.